Hivi The Mothman Prophecies mliipendea nini wakuu?

Kandambili:
Wakuu habari za muda huu. Jana usiku nimeangalia The Mothman Prophecies, ile ya 2002 ya Richard Gere, maana kila nikiuliza muvi ya mizuka isiyo na damu damu watu wananitajia hiyo hiyo. Aisee nimeingia mkenge. Dakika 119! Mwanzo mtamu sio siri, mke wa jamaa anaona kitu barabarani, wanapata ajali, hospitali wanamkuta na uvimbe kwenye ubongo, anafariki anaacha michoro ya dude lenye mabawa. Nikakaa vizuri nikasema hapa ndo penyewe. Kilichofuata sasa... stelingi anaendesha gari, anapokea simu, amekaa hotelini katoa macho, simu tena, taa nyekundu zinapita, kamera inayumba, simu. Huyo Mothman mwenyewe, yaani mtu-nondo, lile dude lenye mabawa, hata sijamuona vizuri. Mwishoni huko daraja linaanguka, imeisha. Kuna kitu nimepitwa au mmezoea kusifia tu? (Nimespoili ila muvi ina zaidi ya miaka 20, mtanisamehe)

bundi_mchovu:
Uliiangalia huku unachati wewe, kubali. Ile sini Gere anamuuliza yule wa kwenye simu nimeshika nini mkononi, sauti inamjibu mafuta ya mdomo... mimi nilienda kufunga mapazia. Kutomuona Mothman ndo raha yenyewe, wangetuwekea mtu kavaa mabawa ya plastiki ungekuja hapa kucheka.

Kandambili:
Hiyo sini nakupa, ni kali kinoma. Ila ni dakika 3 kati ya 119 mkuu

Mzee wa Rimoti:
Mleta mada usichojua ni kwamba daraja ni la kweli. Linaitwa Silver Bridge, lilijengwa 1928 kwenye mto Ohio pale Point Pleasant, West Virginia, likaanguka tarehe 15 Desemba 1967 jioni magari yamejaa, wakafa watu 46. Na habari za kumuona huyo Mothman zilianza Novemba 1966, ndo maana watu wakaunganisha. Muvi imehamishia mambo kwenye miaka yetu na waliokufa ikawafanya 36, ndo maana yule dada polisi aliyeokolewa alikuwa anaota sauti inamwita "namba 37". Chanzo halisi sasa: daraja lilining'inizwa kwenye minyororo ya vyuma vyenye tundu kila mwisho, chuma kimoja kikawa na ufa wa kama milimita 2.5 sehemu ambayo hakuna macho yangeona bila kukifungua. Kikakatika hicho kimoja, lote chini. Mimi hiyo inanitisha kuliko mdudu yeyote mwenye macho mekundu.

Na hapo ndo nakubaliana na wewe kwamba muvi imezingua, ila shida sio upole wake. Hitchcock, yule mwongozaji wa muvi za kutia hofu, alikuwa anasema mtazamaji akijua kuna bomu chini ya meza, hata watu wakikaa kupiga stori za mpira yeye roho iko juu. Asipojua, anaona watu wanapiga stori za mpira tu. Sasa hawa walikuwa na bomu lao, daraja zima, wakalificha mpaka mwisho. Kwa asiyejua historia, Gere anapokea simu tu. Mmarekani aliyekulia maeneo yale akiona gari linakatiza pale tumbo linamkata. Wangetuonyesha huo ufa dakika ya 10, hata kama mwendo ni ule ule wa kobe, usingesinzia.

bundi_mchovu:
Mkuu umeshusha nondo. Ila ningejua mapema zile simu zingeniishia utamu, mimi nilitaka nichanganyikiwe pamoja na jamaa

Kandambili:
Daah kumbe. Sasa nimekaa dakika 119 namsubiri nondo mdudu kumbe mwenye stori ni nondo wa darajani 😂 Siirudii lakini, labda sini ya simu na ile ya mwisho.