Dakika 40, siku tatu kwa wiki: nipige vyuma au nikimbie?

Baba Pacha aliandika:

Wakuu, salaam. Mimi ni msomaji wa pembeni, leo nimeamua kuandika kwa sababu kila ninayemuuliza ananijibu kinyume na aliyetangulia.

Nina miaka 38, urefu sentimita 172, uzito kilo 94. Kazi yangu ni ya kukaa, kiti nakiacha pale njaa inaponibana. Nyumbani kuna pacha wa miaka mitatu, na mwenye pacha wa miaka mitatu usimuulize habari za jioni yake. Muda wangu pekee ni alfajiri, saa 11:10 hadi 11:50, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku nyingine mwenzangu ndiye anayewahi kutoka, mimi nabaki na watoto. Zikiisha hizo dakika 40 zimeisha, maana saa 12 kasorobo hivi mmoja anaita "Babaaa", na mwenzake anaitikia.

Mwanzoni nilikuwa nakimbia tu. Miezi mitatu, kilomita 5 kila mara. Nilianza na kilo 101 nikashuka mpaka 94. Kisha mzani ukaganda, hii ni wiki ya sita hausogei. Halafu kwenye kioo naona mambo nisiyoyategemea: mikono imekonda, mabega yamelala, na kitambi kimesogea kidogo tu, kama mtu anayekupisha kwenye benchi huku hataki.

Jamaa mmoja akaniambia kukimbia kunakula misuli, niache kabisa, ninyanyue vyuma. Nikatafuta dambeli zile za kuongeza na kupunguza uzito, nikaamua kufanya yote kwa mpigo: kukimbia dakika 25, kisha vyuma 15. Jumatano iliyopita, seti ya pili ya skwati (kuchuchumaa na kuinuka), miguu ikaanza kucheza yenyewe, dambeli ya kilo 14 ikaniponyoka ikatua karibu kabisa na kidole gumba cha mguu. Kishindo kiliamsha pacha wote wawili. Dakika 40 zikaishia hapo.

Sasa naomba mwongozo. Kwa muda huu mdogo nachagua kimoja, au vyote vinawezekana? Vikiwezekana, kipi kinatangulia?

Mguu Mwepesi alijibu:

Mkuu, unataka kupungua au unataka kupiga picha? Kupungua ni kukimbia. Toka kilomita 5 nenda 8. Vyuma waachie vijana.

Shangazi Vyuma alijibu:

Baba Pacha, pole na kidole ambacho hakikuumia. Mimi nina miaka 53, vyuma nilivianza nikiwa na 44 baada ya kushindwa kunyanyua sanduku langu mwenyewe mbele za watu. Kwa hiyo huyo Mguu Mwepesi anayewaachia vijana nimemsikia, namsamehe.

Kabla ya ratiba tupige hesabu. Kukimbia kunakula takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Wewe wa kilo 94, kilomita 5 ni kama kalori 470. Kilo moja ya mafuta mwilini ina takriban kalori 7,700. Maana yake unahitaji mbio kama 16 kumaliza kilo moja. Kwa miezi mitatu ulikimbia mara 39 kama hukukosa hata siku moja. Hiyo ni kilo mbili na nusu hivi. Wewe ulishuka saba! Zilizobaki nani alizitoa? Nakuuliza kwa upole: wakati ule ulipoanza, ulibadilisha nini kwenye kula na kunywa, na je, hicho ulichobadilisha bado kipo?

Hilo nimelitanguliza makusudi. Uzito unashushwa zaidi na sahani. Vyuma kazi yake ni kuamua unachopoteza. Mtu akipungua bila kuushughulisha msuli, sehemu ya kilo zinazoondoka ni msuli wenyewe, maana mwili hauoni sababu ya kutunza kitu kisichotumika. Mikono yako iliyokonda ndiyo stori hiyo. Ukinyanyua vitu vizito mara mbili kwa wiki na ukala protini ya kutosha (wengi hulenga gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, wewe hata 1.2 itakuwa mwanzo mzuri), mwili unapata ujumbe kwamba huo msuli bado una kazi.

Sasa dakika zako. Jumatatu na Ijumaa vyuma, Jumatano pumzi, yaani kukimbia.

Siku ya vyuma, dakika 4 za kupasha mwili: zungusha mabega, fanya skwati bila uzito, inama na kuinuka. Halafu unganisha mazoezi mawili mawili yasiyogombea msuli mmoja, ili mmoja ukipumzika mwingine uko kazini. Hapo ndipo muda unapookolewa. Jozi ya kwanza ni skwati ukiwa umekumbatia dambeli kifuani kama unavyombeba mmoja wa hao pacha, ikifuatiwa na kuvuta dambeli hadi kiunoni ukiwa umeinama, mkono mmoja mmoja. Seti tatu, kila seti marudio 8 hadi 12. Jozi ya pili ni pushapu, ikifuatiwa na kunyanyua dambeli kutoka usawa wa muundi: magoti yamelegea kidogo, mgongo umenyooka, makalio yanarudi nyuma kama unafunga mlango wa gari ukiwa umebeba mizigo mikono yote. Seti tatu tena. Kila seti isimame ukiwa umebakiza marudio mawili ambayo ungeyaweza. Ukifikia 12 seti zote tatu, ongeza uzito.

Hiyo inakula dakika 25 hivi. Zikibaki 8, ruka kamba au endesha baiskeli ya kusimama: sekunde 30 kwa nguvu, 60 polepole, mara tano. Mwisho, siyo mwanzo. Miguu iliyochoka inaweza kukimbia vibaya ukavumilia, lakini ikibeba uzito vibaya utakuja kujua thamani ya kidole gumba.

Jumatano kimbia dakika 35 kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Usikimbizane na saa.

Mpenda Takwimu alijibu:

Shangazi nakuheshimu, ila tuweke mambo wazi. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke uliotoka 2012, watu wazima wenye uzito mkubwa, miezi minane, makundi matatu: kadio (mazoezi ya pumzi kama kukimbia) tu, vyuma tu, na vyote pamoja. Waliopunguza mafuta vizuri ni wa kadio na wa vyote pamoja. Wa vyuma tu uzito haukushuka. Na wa vyote pamoja walitumia takriban mara mbili ya muda bila kuwazidi sana wa kadio katika kupunguza mafuta. Kwa mtu asiye na muda, si jibu liko hapo?

Shangazi Vyuma alijibu:

Umeusoma sawa, ila umeishia njiani. Wale watu hawakupangiwa kupunguza kula, kwa hiyo kazi yote ya kushusha uzito iliangukia kwenye mazoezi, na hapo kadio inashinda kwa sababu inachoma zaidi kwa kila dakika. Baba Pacha anaweza kushika sahani, basi mchezo unabadilika. Halafu angalia misuli: walioongeza ni wale wenye vyuma. Yeye hakuja kulalamikia mzani peke yake, amelalamikia na mabega.

Na huyo jamaa wa "kukimbia kunakula misuli" naye apunguze sauti. Hofu hiyo inatajwa sana tangu utafiti wa Robert Hickson wa 1980, ambapo watu waliochanganya nguvu na pumzi walifika mahali nguvu za miguu zikakwama. Lakini wale walikuwa wanafanya nguvu siku 5 kwa wiki na pumzi siku 6! Mtu mwenye dakika 120 kwa wiki nzima kuogopa hilo ni sawa na kuogopa kuzama kwenye beseni.

Mama Zamu alijibu:

Mimi nafanya kazi za zamu, nachangia kidogo. Hizo dakika 120 siyo mwisho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unasema dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au nusu yake kama ni za kuhema kweli, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Zamani walisema kipande kisichofika dakika 10 hakihesabiki. Siku hizi kila dakika inahesabika. Tangu nijue hilo nimeacha kupokea simu nikiwa nimekaa. Simu ikiita nasimama, naenda huku na huku mpaka iishe. Mama yangu ananipigia kila siku na haongei kwa ufupi, ndiye kocha wangu wa pumzi na hajui.

Kingine, usiibe usingizi ili upate mazoezi. Ukiamka saa 11, lala mapema. Nikilala kwa muda wa saa tano tu, siku inayofuata nakula kama nimetoka kifungoni.

Baba Pacha aliandika:

Shangazi, swali lako la kinywaji na sahani limenikamata. Nilipoanza kukimbia niliacha vinywaji vya sukari, vyote. Karibu wiki saba zilizopita, kwa sababu nilijiona shujaa, nikarudisha chupa moja ya nusu lita baada ya kila mbio. "Najipongeza." Jana nimesoma lebo kwa mara ya kwanza, kalori 210. Karibu nusu ya mbio zangu nilikuwa nainywa nikiwa bado natokwa jasho.

Naanza ratiba Jumatatu. Dambeli nitaweka godoro la watoto chini.

Mguu Mwepesi alijibu:

Haya, hapo kwenye chupa nimekaa kimya. Ila Jumatano usiiache.

Baba Pacha aliandika (wiki saba baadaye):

Nimerudi kama nilivyoahidi kimoyomoyo.

Mzani: kutoka 94 hadi 91.8. Nakiri wiki mbili za kwanza nilitaka kuuza zile dambeli, maana uzito ulipanda hadi 94.9. Shangazi aliniambia inbox kwamba msuli mgeni kwenye kazi unashika maji, nisubiri. Nikasubiri nikiwa nimenuna. Wiki ya tatu ukaanza kushuka.

Futikamba ndiyo iliyonipa raha. Kitovuni nilikuwa 104, sasa 99. Mkanda umehama matundu mawili, la pili ilibidi nilitoboe kwa msumari.

Skwati nilianza na kilo 12 (14 niliiogopa baada ya ajali), sasa napiga 20 mara 12 seti zote. Pushapu nilianza kwa kuegemea ukingo wa kitanda, wiki iliyopita nimefika 9 chini sakafuni kabla kifua hakijakataa. Nilikosa siku nne kwa jumla, tatu watoto walikuwa na homa na moja nilizima kengele tu, sina kisingizio. Dakika 8 za mwisho za kamba huwa zinakuwa 5, kwa sababu mmoja wa pacha amegundua sauti ya kamba na anakuja kusimama mlangoni kuhesabu. Anahesabu moja, mbili, saba.

Swali moja limebaki. Dambeli zangu mwisho ni kilo 20. Nimezifikia. Nifanyeje bila kutafuta nyingine?

Shangazi Vyuma alijibu:

Hongera, na futikamba uiamini kuliko mzani.

Kilo 20 hazijaisha. Kwanza shuka polepole, hesabu nne ukienda chini, tulia kidogo kule chini, ndipo uinuke. Zile 12 zitageuka 7 na utanitukana. Zikikuzoea, weka mguu mmoja nyuma juu ya kiti kifupi, uchuchumae kwa ule wa mbele. Hapo anza na kilo 8, nasema nane, shika ukuta kwa mkono mwingine mpaka uache kuyumba.

Godoro la watoto liache palepale.