Mrejesho: Windows na Ubuntu, ipi inakula chaji kidogo

Wakuu habari zenu, mi ndo yule niliyeuliza kama nikihamia Ubuntu (mfumo wa kompyuta wa familia ya Linux) laptopu itakaa na chaji kuliko kwenye Windows, maana huku kwetu umeme ukikatika kazi inasimama. Nimepima, narudi kama nilivyoahidi.

Nimeweka zote mbili kwenye mashine moja, mwanga wa skrini sawa, betri ileile. Windows nikatumia amri ya powercfg /batteryreport inayotoa ripoti ya betri, Ubuntu nikatumia PowerTOP ambayo ukichomoa chaja inakuonyesha wati zinazotumika muda huohuo. Kwa kuandika tu hazikupishana kivile. Kazi ilikuja kwenye video!! Ubuntu feni inalia mwanzo mwisho, kumbe braoza ilikuwa inafungua video kwa prosesa badala ya kuiachia chipu ya picha, ambayo ina sehemu yake maalumu ya kazi hiyo na haili umeme sana. Nilipowasha hiyo setingi feni ikatulia wati zikashuka, nikaongeza na TLP, programu ya kubana matumizi ya umeme, ila kwanza nikatoa power-profiles-daemon, ile inayokuja na Ubuntu kwa kazi kama hiyo, maana hivyo viwili vinagombana.

Kwa hiyo mkuu uliyesema Linux ni nyepesi lazima itunze chaji, kwangu haikuja hivyo yenyewe, kula RAM kidogo ni kitu kingine na kula umeme kidogo ni kitu kingine. Na yule aliyeniambia nishushe mwanga wa skrini ndo kanisaidia kuliko wote, asante sana mkuu, jana umeme umekatika jioni na ripoti nimeimaliza yote.