Kabofya kopo la taka. Mara MBILI. Nikiwa nimesimama palepale

Shata Kavu:
Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka, mkikuta herufi zimerukana msinisahihishe, leo siyo siku yake.

Jina sitaji. Hakuna haja. Nikisema yule wa lenzi nyeupe ndefu kuliko heshima yake, kila mtu humu keshamwona. Yule mwenye vesti ya mifuko 40, na kila mfuko una mfuko wake. Yule ambaye hajawahi kuangalia picha ya mwenzake bila kuguna kwanza.

Leo tumetoka kupiga ndege, tuko watu saba. Mimi nipo ukingoni tangu jua halijatoka, magoti kwenye tope, namsubiri mdiria. Hii ni Jumamosi yangu ya tano kwa ndege huyohuyo. Wanaopiga ndege wanaelewa: yule kiumbe anakaa tawini nusu saa kama sanamu, ukishusha kamera ujikune pua, keshazama na kurudi. Nimekaa na kasi ya sekunde 1/2000, ISO (wepesi wa sensa kuona mwanga) 1600, tundu la lenzi f/5.6 kwa sababu lenzi yangu ikifika milimita 300 tundu halina pengine pa kwenda. Na leo, wakuu, leo kazama na kidole changu kipo. Katoka majini samaki kamkingama mdomoni, matone yamemzunguka kama shanga zilizokatika uzi, bawa moja juu moja chini, jicho linaniangalia MIMI. Picha moja tu. Iliyotangulia ni maji matupu, iliyofuata ni mkia.

Nikapiga kelele. Hapo ndipo nilipokosea, maana jamaa akaja.

"Lete nione." Nikampa kamera. Nilimpa mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, kama mtu anayemkabidhi fisi mwanambuzi amlelee. Picha hakuiangalia. Akavuta. Akavuta tena. Akavuta mpaka jicho la ndege likawa vigae vinne. Akaguna. "Chenga tupu," yaani zile punje punje za ISO kubwa. Halafu akasema, "Futa hii, inakula nafasi."

Nikadhani ananishauri. Kumbe ananitaarifu.

Wakuu, KAMERA INAULIZA. Hicho ndicho kinachoniua. Ukibofya kopo la taka, kile kitufe cha kufuta, mara ya kwanza inakuuliza, kwa adabu kabisa, kama kweli unataka kufuta. Kimashine cha megapikseli 12, cha mwaka 2008, kina adabu ya kuuliza. Yeye akabofya tena. Ya kwanza ningesema kidole kimeteleza. Ya pili kimeteleza nini, roho?

Akanirudishia kamera, akanigongagonga begani: "Utapata nyingine."

Mara mbili, jamani.

Jicho Kodo:
Uzi bila picha ni umbea. Weka picha tuone kama kweli ilikuwa nzuri.

Shata Kavu:
Umesoma lakini??

Jicho Kodo:
Nimesoma kichwa cha uzi.

Kivuli Kirefu:
Nimevuta kiti. Huyo mtu namjua, na vesti naijua. Mifuko yote ile na aibu hakubeba.

Mama Tripodi:
Pole mdogo wangu. Punguza hasira unisikilize. Picha ikifutwa haiondoki kwenye kadi papo hapo. Kinachofutwa ni maelezo kwenye orodha ya kadi kwamba hapa pana faili; picha yenyewe inabaki imelala mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Toa hiyo kadi SASA HIVI, usipige hata picha moja, kaichomeke kwenye kompyuta utumie programu ya kurudisha mafaili, PhotoRec kwa mfano, ni ya bure. Na ukiirudisha usiihifadhi kwenye kadi hiyohiyo. Mimi nimewahi kurudisha picha za siku nzima.

Shata Kavu:
Dada Mungu akubariki. Ila kuna tatizo dogo.

Mama Tripodi:
Lipi?

Shata Kavu:
Baada ya pale, kwa hasira, nilipiga kama picha mia tatu za mgongo wake. Nilitaka ushahidi. Mpaka kadi ikajaa.

Kivuli Kirefu:
Mdiria kazikwa chini ya vesti 😂😂😂

Mama Tripodi:
Mdogo wangu.

Jicho Kodo:
Basi weka picha za mgongo.

Bwana RAW:
Naomba kuuliza swali moja tu la kiungwana. Ulipiga RAW, ile faili ghafi yenye kila kitu kilichoonwa na sensa, au JPEG iliyobanwa na kamera?

Shata Kavu:
JPEG. Ili kamera isikwame nikipiga mfululizo.

Bwana RAW:
Basi mzee wa watu kakuondolea takataka. RAW ya biti 14 inabeba ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi. JPEG ni biti 8, ngazi 256. Mtu anavizia Jumamosi tano halafu kilichobaki anakitupa mwenyewe kabla hata kopo la taka halijabofywa. Chenga zile ungezisafisha nyumbani umekaa.

Giza Nene:
Huyu naye na ngazi zake 16,384, mwisho wa siku anavuta ukolevu wa rangi mpaka nyasi zinauma macho. Mkuu, picha yako ya mwezi uliopita niliifungua usiku, chumba kizima kikawa kijani.

Bwana RAW:
Skrini yako haijasawazishwa.

Giza Nene:
Macho yangu je?

Lenzi Kongwe:
Nitapigwa mawe lakini nasema. ISO 1600 kwenye sensa ya umri huo, mapema asubuhi, chenga zipo na ni nyingi. Mwenye f/2.8 anaingiza mwanga mara nne ya wewe wa f/5.6, angepiga picha ileile kwa ISO 400. Jamaa hana adabu, sikatai, ila aliongea kwa uzoefu.

Shata Kavu:
Ningekuwa na f/2.8 ya urefu huo ningekuwa yeye. Bora chenga.

Halafu hakuongea kwa uzoefu, ALIBOFYA kwa uzoefu. Mara mbili.

Kadi Mbili:
Uzoefu gani wa kupima ukali wa picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera? Kile kioo cha inchi 3 cha zama hizo kinatangazwa kuwa na nukta 920,000, gawanya kwa tatu, maana kila pikseli ina nukta nyekundu, ya kijani na ya bluu: unabaki na pikseli 640 kwa 480. Faili lenyewe ni 4288 kwa 2848. Ukilichapisha kwa pikseli 300 kila inchi unapata picha ya sentimita 36 kwa 24, hakuna hata haja ya kulinyoosha. Na mtu akisimama hatua mbili kutoka ukutani hizo chenga hazioni. Sijawahi kuona mtu katundika ukutani jicho la ndege peke yake.

Ila na wewe mlalamikaji, kamera yako si ina kitufe cha ufunguo? Unaifungia picha, mtu akibofya kopo mpaka kucha ing'oke haifutiki. Angalizo tu: ukiiformati kadi, picha inaondoka na ufunguo wake.

Shata Kavu:
Sasa nani anafungia picha sekunde kumi baada ya kuipiga? Kwani nilikuwa na wezi?

Kivuli Kirefu:
Ndiyo.

Saa ya Dhahabu:
Wewe kufutiwa tu ndiyo unatujazia uzi? Mimi kuna mtu, siyo huyo wenu, ni mwingine na mnamjua pia, alichukua picha yangu ya ukungu wa alfajiri, akaipakua, akanirudishia mbele ya kundi zima na maneno "nimekurekebishia". Ilikuwa nyeusi na nyeupe. Kwa makusudi! Nilikesha na vivuli vyake, nikihangaika nyeusi isife na nyeupe isiungue. Kaipaka RANGI. Anga limekuwa la zambarau, ukungu wa chungwa, na pembeni kaongeza ndege watatu. Ndege watatu jamani, na wote ni yuleyule, kamkopi.

Mama Tripodi:
Hao wa kurekebishia wengine wapewe kundi lao wafungiwe humo. Kuna aliyenilainishia ngozi ya bibi wa miaka zaidi ya themanini mpaka akafanana na sahani ya plastiki. Mikunjo ndiyo ilikuwa picha! Niliweka taa ubavuni makusudi mikunjo itoke, yeye kapitisha brashi kaifuta yote.

Shata Kavu:
Angalau wao walibaki na ya mwanzo.

Giza Nene:
Mimi ninachokichukia kuliko vyote ni ile "kamera yako inapiga picha nzuri". Unamwonyesha mtu kazi ya miezi, anakuuliza kamera gani. Hawamwambii seremala "msumeno wako unajua kuchonga".

Kadi Mbili:
Na ukimtajia kamera anaenda kununua ileile, baada ya wiki anarudi kulalamika umemdanganya.

Saa ya Dhahabu:
Au anakuja na "wewe si una kamera, tupige basi". Miaka yote hiyo, mimi sina picha yangu hata moja. Nikipotea leo watatangaza kwa kutumia kivuli changu.

Fokasi ya Macho:
Wakuu mimi niseme ukweli mchungu. Haya yote yanawapata kwa sababu mmeng'ang'ania kamera zenye kioo ndani kinachoruka kila ukibofya, kla-kla-kla, ndege wote wameshaondoka. Zisizo na kioo siku hizi zinalitambua jicho la ndege zenyewe na kuling'ang'ania, unaweza kupiga kimyakimya, na mwanga wa picha unauona kabla hujabofya.

Lenzi Kongwe:
Na betri ngapi kwa siku?

Fokasi ya Macho:
Tatu. Nne kukiwa na baridi.

Lenzi Kongwe:
Asante, sina swali la nyongeza.

Fokasi ya Macho:
Endelea kubeba tofali shingoni.

Lenzi Kongwe:
Nabeba tofali linalowaka.

Shata Kavu:
Jamani huu uzi unahusu kufutiwa picha.

Bwana RAW:
Picha ya JPEG.

Mzee wa Negativu:
Wanangu, nimesoma wote kimya nikicheka. Sisi wa filamu kopo la taka halipo. Una fremu 36, ukibofya umebofya, mpumbavu yeyote akishika kamera yako anachoweza ni kufungua mlango wa nyuma akakuunguzia mkanda wote. Kwa hiyo tulikuwa hatuwapi wapumbavu kamera.

Na hao wanaocheka megapikseli 12 za kijana wakumbuke kamera ya kwanza ya kidijitali, ile aliyoiunda Steven Sasson pale Kodak mwaka 1975, ilikuwa na pikseli 100 kwa 100, nyeusi na nyeupe, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Yule mwenye vesti angeivuta hiyo angeona nini?

Kivuli Kirefu:
Angeguna.

Jicho Kodo:
Sekunde 23 mdiria keshakuwa babu.

Mzee wa Negativu:
Ila kwa kuwa mafundi mko hapa, nisaidieni. Lenzi yangu ya milimita 50 nimeimulika na tochi leo naona nyuzinyuzi ndani kama utando wa buibui. Ni kuvu au macho yangu?

Kadi Mbili:
Uuuh. Mzee hiyo ni kuvu. Itenge na lenzi nyingine kwanza. Ikikaa sana inakula rangi ya kinga kwenye kioo, hapo hata ukisafisha alama inabaki. Uliiweka wapi?

Mzee wa Negativu:
Kwenye mkoba wake wa ngozi, kabatini. Miaka minne.

Mama Tripodi:
Mzee wangu, giza na unyevu, umeifugia. Ngozi yenyewe inashika unyevu. Weka lenzi kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri, tia silika jeli, vile vichembe vya kunyonya unyevu, na kile kipimo kidogo cha unyevu, ukae kwenye asilimia 40 mpaka 50. Usikaushe kupita hapo. Na hiyo yenye kuvu mpelekee fundi aifungue, usijaribu mwenyewe na bisibisi ya redio.

Mzee wa Negativu:
Bisibisi ninayo mkononi hapa.

Mama Tripodi:
Iweke chini.

Giza Nene:
Mimi kila nikimulika lenzi yangu naona vumbi, nimekosa usingizi wiki nzima.

Kadi Mbili:
Vumbi ndani ya lenzi kila mtu analo, halionekani kwenye picha. Acha kumulika.

Shata Kavu:
Wakuu turudi kwenye mada. Kamera ILIMUULIZA.

Saa ya Dhahabu:
Mama Tripodi hizo silika jeli zikishalowa unatupa au?

Mama Tripodi:
Hazitupwi. Za bluu zikinyonya unyevu zinageuka pinki, unaziweka kwenye oveni kama nyuzijoto 120 kwa saa kadhaa mpaka rangi irudi. Ziwe zimemwagwa kwenye trei, siyo ndani ya mfuko wake. Na usitumie trei ya chakula.

Shata Kavu:
Subiri dada. Zangu zimekuwa pinki tangu nimezinunua, nilijua ndiyo rangi yake. Ngoja niitafute tochi.