Nani aliupima moshi wa mafuta haya kabla hatujauvuta?

Dereva_Ngamiani (Minneapolis)

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Huu ni mwaka wangu wa sita naendesha basi la shule hapa Minnesota. Tangu 2018, miezi ya joto dizeli ya jimbo hili huchanganywa na asilimia 20 ya dizeli ya mimea, nyingi ikiwa ya soya, na kwenye pampu pameandikwa B20. Baridi ikianza wanashusha hadi asilimia 5, maana mafuta yale huganda.

Nina mtoto mmoja anakaa kiti cha pili nyuma yangu. Ana pumu, na kila asubuhi anapanda kashika kikopo chake cha dawa ya kuvuta. Mabasi yanapopanga foleni mbele ya shule, injini zinanguruma, yeye hufunika pua kwa mtandio. Siku moja aliniuliza, "Haya mafuta mapya ni mazuri kwa mapafu?" Nikamwambia ndiyo. Nilipofika nyumbani nikajiuliza nimejuaje. Kusikia kwamba yanatokana na soya hakutoshi. Tumbaku nayo ni mmea.

La pili linahusu familia. Shemeji yangu ana mgahawa, anakaanga sambusa na kuku mchana kutwa. Amenunua lori la zamani na anataka kuyachuja kwa kitambaa yale mafuta yaliyokwisha kukaangia, ayamimine kwenye tangi, na yatakayobaki awauzie madereva wenzake. Analijaribu lori uani, na moshi wake unanuka kama karai la mama la maandazi kule kwetu Ngamiani, Tanga. Watoto wanaufurahia. Mimi unanitia wasiwasi. Kuna sheria yoyote inayomtaka mtu aupime moshi kabla ya kuuza mafuta?

Mama Zuhura (Iowa)

Mdogo wangu, umeuliza swali nililolifanyia kazi miaka tisa. Nilikuwa natunza makaratasi ya usajili kwenye kiwanda kidogo cha dizeli ya mimea, kwa hiyo vumilia urefu.

Sheria ipo. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani, kifungu cha 211, inamtaka anayetengeneza mafuta ya magari ayasajili EPA, yaani Shirika la Kulinda Mazingira, kabla hayajafika sokoni. Mwaka 1994 EPA ilitoa kanuni za kupima madhara ya kiafya, na zina ngazi tatu. Ngazi ya kwanza unaendesha injini, unakusanya moshi, unaeleza kilichomo, kisha unakusanya yote yaliyokwisha kuandikwa kuhusu vitu hivyo na afya. Ngazi ya pili ni ya wanyama: panya wanavuta moshi wenyewe kwa siku 90. Ya tatu haina umbo moja. EPA huiagiza pale ngazi mbili za kwanza zikiacha swali.

Kinachopimwa ni moshi, na hili watu wengi hawalijui. Mafuta yanaweza kuwa safi hata uyaonje kwa ulimi, yakaungua vibaya yakatoa sumu.

Dizeli ya kawaida kwa kanuni hizi ni ile yenye oksijeni chini ya asilimia 1 ya uzito. Ya mimea ina kama asilimia 11, hivyo haiwezi kujificha chini ya vipimo vya dizeli hiyo ya kawaida, itokayo kwenye mafuta ya ardhini. Ikabidi ipimwe peke yake. Watengenezaji walichanga fedha kupitia chama chao, Bodi ya Taifa ya Biodizeli kama ilivyoitwa wakati ule, na kazi ya panya ikafanyika Lovelace, taasisi ya utafiti wa upumuaji kule Albuquerque, New Mexico. Matokeo yalichapishwa 2002.

Panya waliwekwa kwenye moshi wa dizeli ya soya tupu, bila dizeli ya kawaida hata tone, saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 13. Makundi matatu yalipewa moshi wa viwango vitatu, hafifu, wa kati na mzito, na kundi la nne likavuta hewa safi. Wakachunguzwa mapafu, ubongo, uzazi na chembe za urithi. Madhara yaliyoonekana yalikuwa machache. Lililojitokeza wazi ni kwamba ndani ya mapafu, zile seli zinazomeza vumbi ziliongezeka kadiri moshi ulivyozidi kuwa mzito. Mapafu yalikuwa yanafagia masizi.

Kwa hiyo hukumdanganya yule mtoto, ila ulimpa nusu ya jibu. Mwaka 2002 hiyo hiyo EPA ilikusanya vipimo vya injini nyingi za malori. Kwa B20 masizi yalipungua kama asilimia 10, kaboni monoksaidi asilimia 11, na mabaki ya mafuta yasiyoungua asilimia 21. Oksidi za naitrojeni zilipanda asilimia 2. Ukitumia ya mimea tupu masizi hupungua karibu nusu, na oksidi hizo hupanda kama asilimia 10. Nazo ndizo zinazochangia ozoni ya chini, ile iliyomo kwenye hewa tunayovuta, siku za jua kali, na ozoni si rafiki wa mwenye pumu.

Kontena_LongBeach

Mama Zuhura, shikamoo. Naongeza la huku California, maana nabeba makontena na kanuni hizi naziishi.

Hilo la naitrojeni huku hawakulipuuza. Bodi ya hewa ya jimbo ina kanuni maalumu ya dizeli mbadala iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 2016. Mafuta mapya yanaingia kwa hatua, kiasi kidogo kwanza huku yakichunguzwa. Kwa dizeli ya soya na jamii yake, kuanzia Aprili hadi Oktoba, ukivuka asilimia 5 lazima uwe na njia iliyokubaliwa ya kuzuia oksidi zile zisiongezeke. Miezi ya baridi mpaka unasogea hadi asilimia 10.

Na huku hawaishii hewani. Wanauliza pia mafuta yakimwagika yatafanya nini udongoni na kwenye maji. Hilo walifunzwa na MTBE, dawa iliyotiwa kwenye petroli ili hewa iwe safi. Ikavuja kutoka kwenye matangi ya chini ya ardhi, na mwaka 1996 mji wa Santa Monica ukafunga visima vyake vingi vya maji ya kunywa. Sheria ya jimbo sasa inataka hewa, maji na udongo vitazamwe pamoja kabla.

Dereva, nikuulize: basi lako ni la mwaka gani? Kama injini ni ya 2010 kuja huku, ina kichujio cha masizi na mara nyingi mfumo wa urea wa kupunguza oksidi za naitrojeni. Hapo afya ya kile kichujio ni jambo kubwa kuliko B5 au B20.

Dereva_Ngamiani

Shikamoo mama, na ahsante kaka. Basi langu ni la 2014, ila kuna mawili ya 2005 ambayo husimama mbele yangu kwenye foleni. Sasa nimeelewa harufu inatoka wapi.

Nimemsomea shemeji. Anasema kanuni hizo ni za viwanda vikubwa, yeye ana mapipa matatu tu. Tena amesikia wadogo wamesamehewa.

Mama Zuhura (Iowa)

Marahaba, wanangu. Shemeji hajasikia uongo, na msamaha huo ndio ulionikosesha usingizi miaka yote ile. Kampuni yenye mauzo chini ya dola milioni 50 kwa mwaka husamehewa ngazi mbili za kwanza kwa mafuta yasiyo na elementi ngeni. Mwenye kuongeza vitu kama metali yumo kundi jingine, lenye masharti makali zaidi. Kiwanda chetu kingeweza kupita kwa mlango huo. Mimi nilisimama kidete tutumie takwimu za chama, kwa sababu nilitaka kuweka sahihi yangu kwenye kitu kilichopimwa. Pafu la mtu halijui moshi umetoka kwa tajiri au kwa mchuuzi.

Ila kusamehewa kupima si kusamehewa kusajili. EPA imeeleza wazi kwamba mafuta ya kupikia ambayo hayajageuzwa hayahesabiwi kuwa dizeli ya mimea wala hayajasajiliwa kwa matumizi ya magari. Na lori likirekebishwa liyatumie, marekebisho hayo nayo yanahitaji cheti chake.

Wale panya walivuta moshi wa mafuta yaliyogeuzwa kwa methanoli, aina ya spiriti yenye sumu, na magadi makali, glisirini ikatengwa. Mafuta ya sambusa bado yana glisirini yake yote. Ni mazito, yanapulizwa kwa matone makubwa, yanaungua nusunusu, na glisirini ikiungua vibaya hutoa akrolini, ile inayochoma macho karai likizidiwa na moto. Hiyo harufu ya maandazi watoto wasiikimbilie.

Wala asijaribu kuyageuza mwenyewe jikoni. Methanoli hupofusha, na hulipuka.

Dereva_Ngamiani

Nimeongea naye jana usiku, mbele ya dada. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama yapo makampuni yanayonunua mafuta yaliyotumika. Yapo, na moja litachukua mapipa yake Jumanne. Lori ataliendesha kwa dizeli ya pampu.

Na mimi nimemwandikia msimamizi wa karakana: yale mabasi mawili ya 2005 yahamishiwe mwisho wa foleni, na sote tuzime injini tukisubiri kengele. Bado sijajibiwa. Ikifika Ijumaa kimya, nitakwenda mwenyewe.