Mataa yakiwa mekundu: pikipiki izimwe au iachwe sailensi?

Kijenge_Juu
Wakuu, naomba hesabu, siyo imani. Boxer 150 ya kabureta, betri ya volti 12, stata na kiki zote nzima. Njia ni Kijenge hadi Ngaramtoni, hapa Arusha, na foleni ya Sanawari na Mianzini mnaijua. Kijiweni wamegawanyika: wengine wanazima kila mataa wakidai mafuta yanabaki, wengine wanasema kuwasha tena kunakula kuliko kuiacha sailensi, yaani inaunguruma imesimama bila kuvuta mafuta. Nani yuko sahihi?

Fundi_Ngarenaro
Mkuu, hilo la kuwasha kula zaidi lifute. Injini ikishapata moto, kuiwasha kunakula sawa na sekunde chache tu za sailensi. Lakini na hao wanaozima wasijisifu sana. Cc 150 ikiwa sailensi, mizunguko 1,400 hivi kwa dakika, inakula takriban robo lita kwa saa, yaani mililita 4 kwa dakika. Mataa ya sekunde 90 ni mililita 6, kifuniko kimoja cha chupa ya maji. Ukisimama mara kumi kwa siku ni mililita 60. Petroli ikiwa 3,000 kwa lita, umeokoa shilingi 180.

Ukitaka ya kwako hasa, ipime. Injini ikiwa ya moto, izime, funga koki ya tanki, chomoa mpira wa mafuta upande wa koki, uchomeke bomba la sindano la mililita 20 lenye petroli, ulishike juu ya kabureta. Washa, acha sailensi, soma mistari kila dakika. Fanyia nje, na mwenye sigara akae mbali.

Waya_Mwekundu
Mafuta ndiyo sehemu ndogo ya hesabu. Angalia umeme. Stata inavuta amp 50 hivi kwa sekunde moja na nusu. Kurudisha chaji hiyo unahitaji zaidi ya dakika moja ya kutembea, kama mfumo unabakiza amp moja baada ya taa na plagi kula. Kwenye foleni hiyo amp haibaki, kwa sababu sailensi haichaji cha maana. Ukizima na kupiga stata kila baada ya mita 50, jioni betri imelala, na kaboni za stata (vipande vinavyopitisha umeme ndani yake) zinaisha kabla ya wakati.

Kosa baya zaidi ni kuzima kwa swichi nyekundu ya kwenye usukani huku ufunguo uko ON. Kwa pikipiki ambayo taa ya mbele inakula betri moja kwa moja, wati 35 ni karibu amp 3. Sekunde 90 hivyo umepoteza zaidi ya kinacholiwa na kupiga stata mara tatu. Ongeza taa ya breki, maana wengi wanasimama wamekanyaga. Ukizima, zima kwa ufunguo, na ukiwasha piga kiki.

Kupima: betri iliyopumzika ikisoma 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu. Ukivuta mafuta injini inawaka lazima ipande 13.8 hadi 14.5. Isipofika, usizime barabarani kabisa mpaka fundi aangalie rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa injini uchaji betri.

boda_Moshono
Mimi nasema hivi: chini ya dakika moja iache iwake, weka fri na uachie klachi, usiishikilie mpaka kebo inyooke. Trafiki akisimamisha upande wako kwa mkono na huoni dalili, zima. Usiku usizime, ukitoa ufunguo taa ya nyuma inalala na wa nyuma yako hakuoni.

Kijenge_Juu
Nimewaelewa. Sasa na hili: asubuhi za Julai inajizima yenyewe mataani, na plagi ni nyeusi kama masizi.

Fundi_Ngarenaro
Hapo mchanganyiko ni mzito, yaani mafuta ni mengi kuliko hewa. Arusha tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hivyo kabureta iliyosetiwa Dar huku inamwaga mafuta kupita kiasi. Hakikisha kwanza choki imerudi yote na filta ya hewa ni safi, vumbi la Ngaramtoni linaiziba haraka. Kisha itembeze dakika kumi ipate moto, pandisha skrubu ya sailensi kidogo, halafu zungusha ile skrubu ndogo ya mchanganyiko robo robo mpaka sauti ipande juu kabisa na itulie. Hapo ndipo urudishe sailensi chini. Ikiwa skrubu iko upande wa filta inapima hewa, kwa hiyo kuifungua kunapunguza uzito. Ikiwa upande wa injini inapima mafuta, kwa hiyo ni kinyume. Ukizungusha na hakuna kinachobadilika, jeti ndogo (kitundu cha mafuta ya sailensi ndani ya kabureta) imeziba: ifungue, ilowekwe kwenye petroli, ipulizwe kwa kompresa. Usiichokonoe kwa waya wa breki, tundu likipanuka hutaipata sailensi tena.