Kitulo mwezi wa saba: kulala ndani ya hardtop, hema la juu ya keria, au gesti Matamba?

Hardtop_Shangani
Wakuu wa kusini, habari za Jumapili. Mwezi wa saba tunatoka Mtwara kwenda hifadhi ya Kitulo, watu wanne, gari ni Land Cruiser hardtop ya dizeli, injini 1HZ. Njia ni Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Makete. Mpaka Makete mjini ni lami, kule mbele ndiko kwenye mawe na vumbi. Wenzangu wawili sweta la mwisho kuvaa lilikuwa la shule. Tunaambiwa usiku maji yanaganda kwenye ndoo.

Kwamba kuna baridi najua. Ninachotaka kujua ni wapi pa kulala: nyuma ya gari, hema la juu ya keria (kuna jamaa ananiazima), au tuchukue gesti Matamba tuwe tunapanda alfajiri. Na gari lifanyiwe nini kabla ya kuondoka. Mliowahi, njooni.

Korosho_Tandahimba
Kwani baridi ya Newala mmeimaliza?

Hardtop_Shangani
Newala ni baridi ya kufunga vifungo vya shati, ndugu yangu. Tuache utani kidogo.

Binti_Nachingwea
Nimekaa Makete kikazi, kwa hiyo niseme. Uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Kwa kawaida hewa hupungua joto nyuzi 6 na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo ukitoa nyuzi 17 kwenye joto la Mtwara unapata picha ya mchana wake. Mchana si mbaya hata kidogo, jua linachoma na midomo inapasuka, bebeni mafuta ya mgando. Shida inaanza jua likizama. Mwezi wa sita mpaka wa nane mvua hakuna, mawingu machache, na ule uwanda ni nyasi tupu hauna mti wa kuzuia chochote. Joto lote la ardhi linapaa. Saa kumi na moja alfajiri ukitoka nje nyasi ni nyeupe, ukizikanyaga zinalia kama chumvi ya mawe chini ya kiatu. Hiyo ndiyo sakitu, na wakulima wa viazi wanaichukia kuliko mnavyouchukia nyinyi ugonjwa wa ubwiri kwenye mikorosho.

Kitu kingine ambacho hamjauliza: maua hamtayakuta. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005 kwa sababu ya maua, lakini yanachanua na mvua, Novemba mpaka Aprili hivi. Mwezi wa saba mnakwenda kuona nyasi na baridi.

Hardtop_Shangani
Dada, likizo ndiyo imeangukia hapo. Na ukweli ni kwamba hawa wenzangu wanataka kuona barafu ambayo haijatoka kwenye friji.

Binti_Nachingwea
Basi mtaiona. Kura yangu ni gesti Matamba. Kuko chini kidogo ya uwanda, kuna mablanketi mazito, maji ya moto ya ndoo unaletewa, na ofisi za hifadhi ziko hapohapo. Mkipenda, siku ya kurudi shukeni Chimala kwa ile barabara ya kona hamsini na saba mkatokee barabara kuu ya Mbeya. Ila asiyezoea kona asikae nyuma.

Fundi_Chuno
Mimi sitaki kujua mtalala wapi, nataka kujua gari linalalaje. Magari ya huku pwani yana magonjwa yake, na mengi tumeyapa sisi mafundi wenyewe.

La kwanza, themostati, ile inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Mtwara gari likichemka kidogo tu fundi anang'oa themostati anatupa, na kwa joto la huku halitakusumbua sana. Mita 2,600 asubuhi ya nyuzi sifuri injini haitapata moto hata ukitembea saa nzima. Itakula mafuta, itatoa moshi, na hita itapuliza hewa ya baridi. Rudisha themostati.

La pili, hita yenyewe. Hardtop nyingi za huku mipira ya hita imekatwa ikaunganishwa moja kwa moja, kwa sababu kiini chake kilivuja na hakuna aliyeona haja ya kununua kingine. Fungua boneti uangalie ukutani upande wa kabini. Ukiona mpira umepinda kama herufi U unatoka na kurudi kwenye injini, huna hita.

La tatu, rejeta. Kama ndani ni maji ya bomba, yamwage. Maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, na chuma hakina pa kukimbilia. Kitulo kwa masaa machache ya alfajiri huenda rejeta isigande kabisa, lakini bloku ya 1HZ si kitu cha kuchezea kamari. Weka kulanti (dawa ya rejeta inayozuia maji kuganda) nusu na maji safi nusu. Mchanganyiko huo unahimili mpaka nyuzi 37 hivi chini ya sifuri, ambazo hamtazikuta Tanzania popote. Tahadhari: kulanti ni tamu na ni sumu. Usiiache kwenye beseni uani kwenye watoto na mbwa.

Mengine kwa haraka. Oili 15W-40 inatosha, achana na 20W-50, ni nzito kwa baridi. Plagi za kupashia zipimwe moja moja, huku injini inawaka hata zikiwa zimekufa zote, kule haitawaka. Betri iliyochoka itakuumbua alfajiri ya kwanza. Chujio la dizeli limwagwe maji yaliyokaa chini, maana hayo ndiyo yataganda kabla ya kingine chochote. Na jaza tangi jioni, tangi tupu linatengeneza umande ndani.

Hardtop_Shangani
Fundi nimetoka kufungua boneti sasa hivi. Herufi U ipo.

Fundi_Chuno
Nilijua.

Mchinga_Safari
Kwenye malazi mimi nimelala kote kuwili, si Kitulo tu, na Kilimanjaro upande wa Shira pia. Hema la juu ya keria ni zuri sana Selous na huku kwetu, unapata upepo na uko mbali na nyoka. Kwenye baridi uzuri uleule unageuka adui. Upepo unapita juu, pembeni na chini ya ubao unaolalia. Godoro la sponji mkilalia linabonyea, linabaki jembamba, na baridi inapanda kutoka chini usiku kucha hata ukijifunika mablanketi manne. Halafu saa tisa usiku unataka kukojoa, ngazi ya chuma, miguu peku. Sitasema zaidi.

Ndani ya gari hakuna upepo, hilo ni kubwa. Lakini bati ni bati, linapoa haraka kuliko nje penyewe, na pumzi za watu wawili usiku mzima zinatosha kulowanisha vioo vyote. Asubuhi unakuta kioo kimeganda *kwa ndani* na godoro lina unyevunyevu. Lazima uache upenyo wa vidole viwili kwenye madirisha mawili, watu hawataki kwa sababu wanaona wanaingiza baridi. Heri baridi kavu. Na hardtop inalaza watu wawili, nyinyi ni wanne.

Kuna chaguo hukulitaja: hema la chini, dogo, mlango uelekee kwenye gari, gari likinge upepo. Watu wanadharau, lakini chini ukitandika vizuri ndiyo joto zaidi ya yote matatu ya nje.

Mlandege_Lindi
Nyie mnahangaika bure. Sisi tulilala kwenye gari na jiko la mkaa miguuni, kioo kimeshushwa kidogo, joto mpaka asubuhi, hakuna aliyekufa.

Nesi_Masasi
Kaka Mlandege, asiyekufa ndiye anayerudi kusimulia. Mkaa ukiungua kwenye hewa haba unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na haikuamshi. Inashika damu mahali pa oksijeni, unapata kichwa kuuma, usingizi mzito, basi. Upenyo wa kioo hauna kipimo kwamba huu unatosha na huu hautoshi. Jiko ni la nje, likizimwa libaki nje, kwa sababu hata majivu yenye kaa moja yanaendelea kuitoa. Hii ni kwa gari, hema na hata chumba cha gesti. Vilevile msilale injini ikiunguruma ili mpate hita, bomba la eksozi la gari la porini huwa na tundu ambalo mwenyewe hulijui.

Na pombe. Konyagi inafungua mishipa ya ngozi, unahisi moto usoni wakati joto la ndani linatoka nje. Kunyweni chai ya tangawizi.

Mkiona mwenzenu anatetemeka, huyo bado yuko salama, mpeni cha moto chenye sukari na nguo kavu. Akiacha kutetemeka huku anaongea maneno ya kukokota na hajali lolote, hapo ni hatari. Mkingeni na upepo, vueni nguo mbichi, pasheni kifua na kwapa kwanza, msimsugue mikono na miguu, na mtafute hospitali.

Mlandege_Lindi
Sawa dada, nimekuelewa. Jiko nje.

Mzee_Mikindani
Vijana hamjambo. Nimesoma Voronezh enzi za Wasovieti, na nyuzi 20 chini ya sifuri tulikuwa tunaita Jumanne. Kitulo kwa baridi ya kule ni utoto, lakini adabu ni zilezile.

Kwanza, breki ya mkono. Ukipita kwenye maji jioni kisha ukaivuta, asubuhi viatu vya breki vimeshikana na ngoma kwa barafu. Egesha kwenye gia, weka jiwe kwenye tairi. Wapa zinyanyue zisigandie kioo. Kioo kikiganda usikimwagie maji ya moto, kitapasuka mbele ya macho yako. Kwangua kwa kadi ya plastiki.

Pili, dizeli. Ina nta ndani yake. Ikipoa sana inakuwa kama uji na kuziba chujio, ndiyo maana Ulaya kuna dizeli ya majira ya baridi inayouzwa msimu ule tu. Madereva wa malori kule walikuwa wanachanganya na mafuta ya taa. Msijaribu.

Fundi_Chuno
Shikamoo mzee. Huku ukichanganya na mafuta ya taa EWURA, wale wadhibiti wa mafuta, watakuita mchakachuaji, na pampu itakufa kwa kukosa ulainisho. Kwa Kitulo dizeli ya kawaida inatosha, baridi yake haikai muda mrefu.

Mzee_Mikindani
Marahaba. Tatu, kwenye theluji yenyewe, gari likikwama usiliache ukatembea. Gari linaonekana, mtu haonekani. Na ukiwasha injini kupata joto, shuka kwanza ufukue eksozi, theluji ikiziba bomba moshi unarudi ndani. Hilo halitawahusu Kitulo, lakini kijana mmoja wa hapa atakwenda Kanada siku moja atalikumbuka.

Mwl_Fizikia
Mawili tu. Upepo wa tairi: kwa baridi utashuka, lakini kwa kupanda mita 2,600 hewa ya nje inakuwa nyepesi, kwa hiyo geji inasoma zaidi. Tairi iliyojazwa 35 Mtwara mchana, kule alfajiri itasoma karibu hapohapo. Msihangaike kujaza. Shukeni nazo mjaze mkirudi kama mlipunguza kwenye mawe.

La pili: kule maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi. Maharage mtapika mpaka mkasirikiane. Bebeni preshakuka au mle wali. Injini yenu nayo haina turbo, itapoteza karibu robo ya nguvu na kutoa moshi mweusi mlimani. Si ugonjwa.

Hardtop_Shangani
Asante mwalimu. Mavazi je? Tukanunue makoti Njombe?

Binti_Nachingwea
Hapana! Nunua Mtwara sokoni kwenye mitumba. Makoti mazito na sweta za manyoya huku yanalala chini ya marobota hakuna anayeyataka, Njombe kila mtu anayagombania. Chagua sufu au yale ya manyoya ya plastiki. Pamba ikilowa jasho inakugandia mwilini, kwa hiyo jinzi na fulana za kawaida ziwe za mchana tu. Soksi za kulalia ziwe kavu na usizitembelee. Kofia ya kufunika masikio ni lazima.

Mchinga_Safari
Na chini ya mwili kuliko juu. Nunueni mikeka miwili kila mtu: mkeka wa ukindu chini, juu yake ule wa sponji ngumu ya kukunja, ndipo begi la kulalia. Begi likiandikwa namba tatu za baridi, fuateni ile ya starehe, ile ya mwisho kabisa ni ya kunusurika si ya kulala. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri, weka miguuni. Simu na nguo za kesho ziingie humohumo ndani ya begi. Kuleni vya mafuta kabla ya kulala, na korosho mnazo, si mwende kuzigawa njiani.

Hardtop_Shangani
Wakuu nimeelewa. Hema la keria namrudishia jamaa. Gesti Matamba usiku wa kwanza na wa mwisho, katikati usiku mmoja juu kwenye kambi ya hifadhi: wawili nyuma ya gari vioo vikiwa na upenyo, wawili hema la chini upande usio na upepo. Hali ikiwa mbaya tunashuka Matamba usiku uleule. Jiko halikaribii gari. Fundi, hita nipate wapi?

Fundi_Chuno
Kiini cha hita cha mtumba kipo Dar, kinashuka na basi siku mbili. Themostati ninayo. Lete gari Jumanne kabla ya saa tatu, na njoo na kulanti yako mwenyewe, ile ya kwenye dumu lenye nembo, si ya kupimiwa kwenye chupa ya maji.

Korosho_Tandahimba
Mkipita Masasi mniambie, nina mzigo mdogo wa kupeleka Songea.