Semina: andiko la korosho, wasilisho la dakika 15 na kuhakiki andiko la mwenzangu

Binti_Shangani
Habari za jioni wadau. Nipo mwaka wa tatu hapa Mtwara mjini. Semina ni baada ya wiki tatu: andiko la maneno 4,000, wasilisho la dakika 15, kisha kuhakiki andiko la mwenzangu kwa kurasa mbili. Mada yangu ni "Faida na changamoto za stakabadhi ghalani kwa wakulima wa korosho", yaani ule mfumo wa mkulima kupeleka korosho ghalani, kupewa stakabadhi na kusubiri ziuzwe mnadani. Nianzie wapi? Na siku ya kuwasilisha, nisome andiko lenyewe?

Mwenyeji_Mikindani
Mdogo wangu, anza na mada, maana hiyo haina hoja. Ukiorodhesha faida tano na changamoto tano, msikilizaji hana cha kupinga wala cha kukubali. Mfumo ulianza huku msimu wa 2007/2008, mambo ya jumla yameshaandikwa sana. Ibane: chukua muda kati ya mnada na fedha kuingia benki, uulize kama kusubiri huko ndiko kunakowasukuma wakulima kuuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mfumo. Hilo ni swali linalojibika.

Kuwa makini mno na bei. Bei ya mnada siyo anayopokea mkulima. Katikati kuna makato, yakiwemo ya usafirishaji na ghala. Kila jedwali liseme ni bei ipi, kwa kilo, ya msimu gani. Ukizichanganya hizo mbili, hitimisho lote linaanguka.

Ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzoni mwa andiko, iandike mwisho, maneno 200 hivi. Ukiitanguliza itaahidi yasiyokuwemo.

Mdau_Newala
Usisome andiko. Kwa mwendo wa kueleweka, dakika 15 zinabeba kama maneno 1,500 tu. Slaidi 8 zinatosha, herufi zisipungue ukubwa wa 24. Jedwali la safu 12 usilibandike ukutani, chora grafu ya mistari miwili: bei ya mnada na bei iliyomfikia mkulima. Hifadhi na nakala ya PDF, kwani kompyuta ya ukumbini ikikosa fonti yako maandishi yanahama. Chapa karatasi pia, umeme ukikatika unaendelea.

Fanya mazoezi kwa sauti huku simu ikihesabu muda. Ukifika dakika 17 usiongeze kasi, toa slaidi. Na utoe za mwanzoni! Wengi humaliza dakika 6 kwenye historia ya zao, matokeo yakapitwa mbio. Usuli upe dakika 2.

Mwenyeji_Mikindani
Kuhusu uhakiki: soma mara ya kwanza bila kalamu. Fungua kwa sentensi tatu ukieleza andiko linadai nini. Kama umeelewa sivyo, mwandishi ataona palipomponyoka. Kisha makubwa kabla ya madogo, kila moja na ukurasa wake. "Mbinu ni dhaifu" haimsaidii mtu. Andika hivi: "Ukurasa wa 6 unasema 'wakulima wengi', ila waliohojiwa ni 12, wote wa chama kimoja cha msingi cha ushirika. Ama dai lipunguzwe, ama chama cha pili kiongezwe." Tahajia zikusanye kwenye aya moja mwishoni.

Binti_Shangani
Asanteni sana kaka zangu. Hao 12 ndio idadi yangu mimi pia. Hawatoshi?

Mdau_Newala
Wanatosha kueleza mkulima anaamuaje kuuza kangomba. Hawatoshi kusema ni wangapi mkoani wanaouza hivyo. Kwa hiyo usiweke asilimia: andika "tisa kati ya 12", siyo "75%". Na mmoja awe wa chama kingine, hata ikibidi upande basi hadi Tandahimba.